SELENA: Msianze na risasi, anzeni na 'Amor Prohibido'

UKITAJA jina la Selena mbele ya vijana watano wa mjini, watatu watakuuliza, "Si yule aliyepigwa risasi?" Wa nne atadakia, "Si yule aliyeigizwa na Jennifer Lopez kwenye sinema?" Wa tano atakuwa amemchanganya na Selena Gomez, ambaye kwa taarifa yako wazazi wake walimpa jina hilo kwa kumzimia huyu huyu ninayetaka kumzungumzia.

Hakuna hata mmoja atakayeanza na kazi ya binti mwenyewe. Na kuna wajuzi wa vijiweni, tena wenye sauti kubwa, wanaosema kwamba bila ile risasi ya mwaka 1995 dunia isingemjua kabisa. Hapo ndipo ninapogoma. Mimi nasema Selena Quintanilla alishatoka, alishafunika, mwaka mzima kabla ya kufa kwake, na ushahidi wangu ni albamu moja tu: 'Amor Prohibido', yaani Mapenzi Yaliyokatazwa, iliyoingia sokoni Machi 1994. Sitaki uniamini kwa kuwa naandika gazetini. Twende taratibu utaona mwenyewe.

WALILALA MEXICO, WAKAAMKA MAREKANI

Muziki wake unaitwa Tejano, neno la Kihispania lenye maana ya Mtexas. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka ilipojitenga mwaka 1836, kisha mwaka 1845 ikaingizwa Marekani. Kwa hiyo wapo watu kule ambao wazee wao hawakuvuka mpaka wowote. Walilala Mexico wakaamka Marekani, na vitukuu vyao mpaka leo wanaulizwa wametoka wapi.

Karne ile ya 19 wakafika Texas walowezi wa Kijerumani na Kicheki na kodiani zao na ngoma yao ya polka. Watu wa Texas wenye asili ya Mexico wakaisikia, wakaipenda, wakaitia maneno ya Kihispania na gitaa lao nene linaloitwa bajo sexto. Hapo ndipo ulipoanzia muziki wa kudansi wa harusini na kwenye kumbi za mwisho wa wiki. Kama umewahi kuona mzee wa taarab ya Unguja akivuta na kusukuma kodiani, basi unajua chombo ninachokisema. Miaka ya 80 vijana wakaingiza vinanda vya umeme na dramu za kisasa, lakini mdundo wa kuchezea wawili wawili ukabaki.

Ulikuwa pia muziki wa wanaume. Wapiga kodiani wanaume, viongozi wa bendi wanaume, na mapromota walioamini kwamba mwanamke hajazi ukumbi.

BABA, WATOTO NA BASI BOVU

Selena alizaliwa Aprili 16, 1971 mjini Lake Jackson, Texas, kitinda mimba wa Abraham Quintanilla na mkewe Marcella. Mzee Abraham naye alikuwa mwimbaji ujanani, kwenye kundi lililoitwa Los Dinos. Halikufika mbali. Akaoa, akatafuta kazi ya mshahara, muziki akauweka kabatini kama suti ya harusi.

Siku alipobaini kwamba bintiye mdogo ana sauti, suti ikatoka kabatini. Kaka mtu, A.B., akakabidhiwa gitaa la besi. Dada mtu, Suzette, akakalishwa kwenye dramu, na inaelezwa kwamba hakuzitaka kabisa. Bendi ikarithi jina la zamani la baba: Selena y Los Dinos. Mwanzoni walipiga kwenye mgahawa wa familia uliokuwa ukiitwa PapaGayo's. Kisha uchumi wa Texas ukayumba mwanzoni mwa miaka ya 80, mgahawa ukafa, nyumba ikaondoka, wakahamia Corpus Christi, mji wa pwani, wakiwa hawana kitu. Kuanzia hapo muziki haukuwa mchezo wa jioni tena. Ulikuwa unga.

Wakapiga harusini, kwenye maonyesho, kwenye sherehe za wasichana wanaotimiza miaka 15, popote palipokuwa na mtu wa kulipa. Walisafiri kwa basi chakavu walilolibatiza Big Bertha. Baba alimtoa Selena shule akiwa darasa la nane, jambo lililowaudhi walimu, naye akamalizia masomo ya sekondari kwa njia ya posta. Sisi tulioishia kidato cha nne tunaambiwa kila siku kwamba tumeachwa na treni, kwa hiyo nakiri kipengele hiki nilikisoma mara mbili.

Wakati huo huo tuzo zilianza kuja. Katikati ya miaka ya 80, akiwa bado binti wa miaka 15, alianza kunyakua tuzo ya mwimbaji bora wa kike wa Tejano, na akaendelea kuizoa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1989 bosi wa EMI Latin, José Behar, akamsainisha. Zikafuata 'Ven Conmigo' mwaka 1990 na 'Entre a Mi Mundo' mwaka 1992, yenye kibao 'Como la Flor' kilichomvusha mpaka Mexico.

KIHISPANIA CHA KUKARIRI

Hapa pana jambo linalonigusa kuliko tuzo zote. Binti huyu aliyekuja kuitwa malkia wa Tejano alikulia Kiingereza. Kihispania hakukijua. Baba yake ndiye aliyemfundisha nyimbo neno kwa neno, jinsi ya kutamka, wapi pa kuvuta pumzi, neno hili ni la kulia na lile ni la kucheka.

Usimcheke. Kizazi cha wazazi wake kilisoma katika shule za Texas ambako mtoto alichapwa kwa kuongea Kihispania uwanjani. Mzazi aliyepitia hayo unadhani atamlea mwanawe kwa lugha gani? Kama na wewe umewahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiswahili, hili huhitaji kufafanuliwa. Na kuhusu kuimba usichokielewa, sisi ndio tusinyooshe kidole kabisa. Mitaani kwetu watu wameimba Kilingala kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, machozi yakiwatoka, na ukiwauliza maana wanakutazama kama mchawi.

Tofauti ni kwamba Selena aliamua kujifunza. Kadiri alivyopanda majukwaa ya Mexico ndivyo alivyolazimika kuongea na waandishi wa habari wa kule, ambao hawakuwa na huruma na Wamexico wa Marekani wenye lugha ya kuokoteza. Mwaka 1992, kwenye mkutano na waandishi mjini Monterrey, aliingia akawakumbatia mmoja mmoja. Kihispania chake kilikuwa bado kinachechemea. Waandishi waliondoka wanamsifu. Akikosea neno alicheka mwenyewe kwanza, na mtu anayejicheka mwenyewe utamcheka vipi?

Kwa Wamarekani weupe alikuwa Mmexico. Kwa Wamexico alikuwa Mmarekani. Ukiisikiliza 'Amor Prohibido' ukiwa unalijua hilo, utagundua ni albamu ya mtu aliyechoka kuchagua upande.

SASA TUIFUNGUE ALBAMU

Wakati inatengenezwa, kampuni ilikuwa na mipango mingine. Mwaka 1993 Selena alishaingia mkataba wa kutoa albamu ya Kiingereza, ndoto yake ya siku nyingi, lakini ikawa inasogezwa mbele. Kaka mtu A.B., mtayarishaji na mtunzi mkuu wa bendi, akawa na kibarua cha kutafuta nyimbo za Kihispania za kujaza pengo. Hebu fikiria: albamu iliyombadilishia maisha ilikuwa ya kuzibia nafasi wakati mambo makubwa yanasubiriwa.

Wimbo wenyewe wa 'Amor Prohibido' umetungwa na Selena, A.B. na Pete Astudillo, mwimbaji mwenzao katika bendi. Chimbuko lake ni simulizi la ukoo wao: hausigeli aliyependana na mtoto wa tajiri wake, wazee wa nyumba wakakataa. Ndiyo hiyo tu. Hakuna mtu hapa mjini asiyeijua hadithi hii, majina tu ndiyo yanayobadilika.

Nimewahi kuwekewa wimbo huo saluni moja, nikamfasiria msusi kwa kifupi unachosema. Akasimamisha kitana hewani.

"Kwa hiyo huyo kijana alimwoa au hakumwoa?"

"Wimbo hausemi, dada. Wanasema tu pesa si kitu, wao wanapendana."

"Basi hakumwoa," akasema mama mmoja aliyekuwa chini ya kikausha nywele. "Mwanaume akishasema pesa si kitu ujue hana."

Ukazuka ubishi saluni nzima, mpaka mteja aliyekuwa na nusu ya kichwa akasahau kuwa ana nusu. Nikajisemea, huu ndio wimbo.

Na kuna kitu ambacho mama yule hakukijua. Selena mwenyewe alikuwa na mapenzi yaliyokatazwa. Chris Pérez, mpiga gitaa aliyejiunga na bendi yao, alimpenda, baba mtu alipogundua akawaka moto na kumtimua kijana kwenye bendi. Aprili 2, 1992 wawili hao wakaenda kufunga ndoa kimya kimya bila ridhaa ya mzee. Habari zikavuja redioni siku hiyo hiyo. Mzee akapoa, akakubali yaishe, na mkwe akarudi kwenye gitaa lake. Kwa hiyo unapousikia wimbo huu, kumbuka mwimbaji ni mke, mpiga gitaa ni mume, mtunzi mwenza ni shemeji, na meneja anayehesabu kiingilio mlangoni ndiye yule yule baba mkwe aliyekataa. Ningetoa hela yangu ya nauli nione sura zao siku ya mazoezi ya kwanza.

Kibao cha kucheza ni 'Bidi Bidi Bom Bom'. Usihangaike na kamusi, haina maana, ni mapigo ya moyo wa binti anapomwona kijana anapita. Wanabendi wameeleza kwamba kilianza kwa utani, Selena akibuni maneno papo hapo juu ya samaki anayeogelea kwa raha zake. Samaki akaondolewa, akaingizwa mvulana, kikawa kibao. Chini kuna mdundo wa cumbia, muziki uliozaliwa pwani ya Colombia kwa ngoma za watumwa wa Kiafrika na filimbi za wenyeji, ukasafiri mpaka Mexico na Texas. Ndiyo maana kiuno chako kinauelewa kabla ya kichwa. Juu ya cumbia hiyo Chris anapachika gitaa la kiroki, na Selena anacheka katikati ya kuimba. Jaribu kucheka huku unaimba bila kuharibu sauti, halafu uje unieleze.

Halafu bila taarifa anakugeuzia kibao. 'No Me Queda Más', yaani Sina Nilichobakiwa Nacho, ni wimbo wa mwanamke anayemtakia heri mwanaume aliyemwacha. Kiitikio hakina kelele, anaimba kama anayemeza chozi ili wageni wasilione. Mtunzi wake ni Ricky Vela, mpiga kinanda wa bendi, na inasimuliwa kwamba aliutunga kwa ajili ya Suzette, yule dada wa dramu, ambaye alimpenda kwa siri na akaolewa na mwingine mwaka 1993. Hebu niambie: unaandika kilio chako, unampa mdogo wa yule unayemlilia akiimbe, na unayemlilia amekaa nyuma yako anapiga dramu. Kila usiku! Jukwaa lile lilikuwa na mambo.

Ukipitia majina ya nyimbo nyingine ndipo utakapocheka. 'Cobarde' ni Mwoga. 'Tus Desprecios' ni Dharau Zako. 'Ya No' ni Basi Tena. Nusu ya albamu ungeweza kuipiga chapa kwenye khanga na ikauzika Kariakoo. 'Si Una Vez' ni ya mwanamke anayemwambia jamaa kwamba kama aliwahi kumpenda ilikuwa bahati mbaya, na anaiimba kwa sauti yenye mikwaruzo, mguu mmoja kwenye mariachi ya Mexico, mwingine kwenye cumbia. Kwenye 'El Chico del Apartamento 512' binti anamzimia kijana wa chumba namba 512, anajikaza, anabisha hodi, mlango unafunguliwa na mwanamke mzuri. Roho inamtoka. Kumbe mwanamke ni dada mtu! Hadithi nzima ndani ya dakika tatu na ushee. 'Techno Cumbia' mimi sina mapenzi nayo sana, naiona imejaa vyombo vya kompyuta vya wakati wake, ingawa najua wapo watakaonitafuta kwa kauli hiyo.

Sasa rudi nyuma utazame ulichokula: cumbia, mariachi, roki, dansi la klabu, na wa mapenzi ya kilio. Wakongwe wa Tejano walinung'unika kwamba kodiani imepotelea wapi. Lakini msichana wa Texas aliyekuwa na polka ya babu kwenye redio ya jikoni na roki ya Kiingereza kwenye redio ya chumbani alijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza.

SINDANO, UZI NA SIDIRIA

Ukurasa huu ni wa dada zetu pia, kwa hiyo lazima niguse mavazi. Yale mavazi ya jukwaani, sidiria zilizonakshiwa vito na shanga, suruali za kubana, mikanda mipana, mengi aliyachora na kuyapamba mwenyewe. Baba hakuyapenda. Mama wa watu mhafidhina wa Texas walimwona amezidi. Lakini watazame wale waliokuwa mstari wa mbele kwenye maonyesho yake: wasichana wadogo na mama zao. Sababu ni kwamba alikuwa na umbo lao, ngozi yao, nywele zao nyeusi na midomo yao, akaipaka rangi nyekundu bila kuomba radhi. Televisheni za Kihispania za wakati ule zilijaa warembo weupe wenye nywele za dhahabu.

Mwaka 1994, mwaka ule ule wa albamu, alifungua maduka mawili ya mitindo na saluni, moja Corpus Christi na jingine San Antonio, akayaita Selena Etc. Pamoja na pesa zote alizokuwa ameanza kuzishika, yeye na Chris waliendelea kuishi mtaa wa Molina, mtaa wa watu wa kipato cha kawaida, nyumba iliyopakana na ya wazazi wake. Hakuhamia kwa matajiri. Jirani aliweza kumkuta nje anaosha gari.

TUHESABU SASA

Nilikuahidi ushahidi. Haya.

Machi 1994, mwezi ule ule ambao albamu ilitoka, alichukua tuzo ya Grammy kwa albamu yake ya awali, 'Live', kama albamu bora ya Wamexico-Wamarekani. Katikati ya mwaka, 'Amor Prohibido' ikaing'oa 'Mi Tierra' ya Gloria Estefan kileleni mwa chati ya albamu za Kilatini ya jarida la Billboard. Chati hiyo ilianzishwa Julai 1993, na tangu ianze Gloria alikuwa amekalia kiti hicho kama chake. Gloria Estefan, dada wa Miami mwenye jina la dunia nzima, anang'olewa na binti wa basi bovu!

Wimbo 'Amor Prohibido' ukashika namba moja kwenye chati ya nyimbo za Kilatini na kumaliza 1994 ukiwa ndio uliofanya vizuri kuliko zote mwaka huo Marekani. 'Bidi Bidi Bom Bom' ikafuata hadi namba moja. 'No Me Queda Más' nayo namba moja, na yenyewe ikaja kuwa kinara wa mwaka 1995. Vibao vitatu vya namba moja kutoka albamu moja, mwimbaji akiwa hai, mzima, anatembea.

Februari 26, 1995 akaingia uwanja wa Astrodome mjini Houston kwa gari la kukokotwa na farasi, amevaa ile suti ya zambarau iliyombana mwili mzima. Watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamekaa wanamsubiri. Akafungua na mchanganyiko wa nyimbo za disko za Kiingereza, kisha akawapa zao za Kihispania, na ukiitazama video yake leo utaona uwanja unaimba kuliko yeye. Zaidi ya watu 60,000, mjuzi wangu wa kijiweni. Risasi haikuwa imepigwa bado.

Alikosa pia, nisije nikaonekana nampaka mafuta. 'Amor Prohibido' iliteuliwa kuwania Grammy mwaka 1995, ikabwagwa na Vikki Carr, mkongwe aliyewaimbia baba zao.

SIKU YA IJUMAA

Mengine unayajua, nayapita haraka. Rais wa klabu ya mashabiki wake, Yolanda Saldívar, aliaminiwa mpaka akakabidhiwa usimamizi wa maduka. Mwanzoni mwa 1995 familia ikagundua fedha zinapotea. Ijumaa ya Machi 31, 1995 Selena alimfuata kwenye chumba cha hoteli ya barabarani mjini Corpus Christi kudai karatasi za hesabu. Saldívar akampiga risasi ya mgongoni. Selena alikimbia mpaka mapokezi, akaanguka. Alikuwa na miaka 23, zimebaki wiki mbili na ushee afikishe 24. Oktoba mwaka huo mahakama ilimtia Saldívar hatiani na kumpa kifungo cha maisha, na mwaka 2025, baada ya miaka 30 ndani, ombi lake la kuachiwa kwa masharti lilikataliwa.

Makumi ya maelfu walipanga mstari Corpus Christi kupita mbele ya jeneza. Gavana wa Texas wa wakati huo, George W. Bush, aliitangaza Aprili 16, siku aliyozaliwa, kuwa Siku ya Selena. Ile albamu ya Kiingereza iliyokuwa ikisogezwa mbele, 'Dreaming of You', ilitoka Julai 1995 ikiwa nusu tu ya nyimbo alizowahi kuzirekodi kwa ajili yake, wakaijazia na za Kihispania. Ikauza nakala zaidi ya 300,000 wiki ya kwanza na kuanzia namba moja kwenye chati kuu ya Marekani, jambo ambalo albamu yenye Kihispania kwa wingi haikuwahi kulifanya.

Sawa, sikatai, hapo huzuni ilinunua. Watu wengi walimsikia siku ile kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari wakaenda dukani. Na sinema ya Gregory Nava ya mwaka 1997, iliyompandisha chati Jennifer Lopez, ikaongeza kundi jingine. Lakini niulize swali moja: walipofika dukani walikuta nini? Kifo kinaweza kumfanya mtu anunue kaseti. Hakiwezi kumfanya aipigie harusini miaka 30 baadaye. Wanaoanguka barabarani kwa kifo cha kusikitisha ni wengi, na waimbaji wamo, na hatuwakumbuki.

Kama huna albamu hiyo, siku hizi kazi ni rahisi, simu yako inayo. Anza na 'No Me Queda Más' usiku taa ikiwa imezimwa, kisha 'Bidi Bidi Bom Bom' asubuhi unapofua. Usitafute tafsiri kwanza. Mwimbaji mwenyewe alianza hivyo hivyo, bila tafsiri.

Na usiuruke 'Fotos y Recuerdos', Picha na Kumbukumbu. Huu si wa kwao asilia. Ni 'Back on the Chain Gang' wa bendi ya Kiingereza ya The Pretenders, ambao Chrissie Hynde aliutoa mwaka 1982 akiomboleza mpiga gitaa wa bendi yake aliyefariki ghafla mwaka huo. Ricky Vela akautungia maneno ya Kihispania, Selena akauimba kwa furaha ya ajabu, mdundo wa kucheza kabisa, kuhusu mtu aliyebakiwa na picha ya mpenzi wake tu. Ulitolewa mwanzoni mwa 1995 na ulikuwa unapanda chati taratibu wiki ile ya Machi. Ulipofika namba moja, ukiwa wa nne kutoka albamu ile, wenzake kwenye bendi walikuwa wameshamzika.